Skonzi ya mdalasini: historia ya kitu kilichoshuka bei

Mwaka 1711 Jonathan Swift alikuwa amepanga Chelsea, wakati huo kijiji nje ya London. Safari za Gulliver, kitabu ambacho baadhi yetu tulikijua kwanza kwa Kiswahili, kilikuwa bado miaka 15 mbele. Swift alikuwa na mazoea ya kumwandikia rafiki yake Esther Johnson, aliyekuwa Ireland, mambo yake yote ya siku: amekula na nani, ametembea hadi wapi, hali ya hewa ikoje. Katika barua moja ya Mei anazitaja skonzi za Chelsea, zilizokuwa na sifa kubwa mjini. Naye akanunua moja akiwa matembezini, kwa peni moja. Ilikuwa ya siku nyingi, imekauka, na hakuipenda. Basi, yakaishia hapo.

Skonzi ya Chelsea kama inavyojulikana leo ni donge la unga wa ngano lililosukumwa, likapakwa siagi, likanyunyiziwa sukari, zabibu kavu na mdalasini, likaviringishwa kama mkeka kisha likakatwa vipande. Duka lililoipa jina lilikuwa na wateja hadi wa ukoo wa kifalme, na lilibomolewa mwaka 1839. Lakini mimi katika barua ya Swift nimenasa kwenye ile peni. Wakati anaandika, mdalasini wa Ceylon ulikuwa mikononi mwa kampuni moja tu, ya Waholanzi, na kampuni hiyo ndiyo iliyopanga bei. Mtu wa kawaida Ulaya aliuonja kwa ncha ya kidole. Leo mapishi ya skonzi yanakwambia weka vijiko viwili vya chakula, na ukizidisha hakuna wa kukugombeza. Mdalasini ulifikaje kutoka kwenye ncha ya kidole hadi kwenye kijiko? Na nani aliyelipa tofauti ya bei?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kwetu skonzi ni ule mkate mdogo wa hamira, wenye sukari kidogo, wa kunywea chai asubuhi. Ninayoizungumzia hapa ni ndugu yake aliyeviringishwa. Wadenmark humwita konokono wa mdalasini, na Wajerumani nao wana konokono wao. Wafini wanamwita "kofi la sikio", sijui sikio la nani. Kwa Kiswahili hajapata jina la peke yake, kwa hiyo nitamwita skonzi ya mdalasini na tusonge mbele.

Ndege wa Herodotus

Neno mdalasini limetufikia kupitia Kiarabu, nacho kilikuwa kimelichukua kwa Waajemi, waliosema dar-chini, yaani mti wa China. Mswahili anayetia kijiti kwenye pilau anataja China bila kujua. Jina hilo lina ukweli nusu. Mdalasini wa aina moja unatoka China kweli, na jamaa zake wako Vietnam na Indonesia. Aina nyingine, yenye gome jembamba na harufu laini, asili yake ni kisiwa cha Ceylon, Sri Lanka ya leo.

Wagiriki wa kale hawakujua lolote kati ya hayo. Herodotus, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia alivyosikia kwamba kule Uarabuni kuna ndege wakubwa wanaojenga viota kwa vijiti vya mdalasini, juu ya majabali ambayo binadamu hawezi kuyapanda. Wenyeji hukatakata nyama ya ng'ombe na punda vipande vikubwa, wanaviacha chini, wanajificha. Ndege wanashuka, wanabeba nyama hadi viotani, viota vinalemewa na kuporomoka. Watu wanakimbilia, wanaokota vijiti. Eti ndivyo mdalasini unavyopatikana.

Tunaweza kucheka, lakini hebu jiweke mahali pa mfanyabiashara. Mteja anakuuliza, "Hiki kitu mnakitoa wapi?" Ukimwambia ukweli, mwakani atakwenda mwenyewe. Ukimwambia habari ya ndege, atakulipa na ya jasho la kupigana na ndege. Pliny wa Roma, karne ya 1 baada ya Kristo, aliliona hilo. Aliandika wazi kwamba hadithi hizi zimetungwa ili kupandisha bei. Kisha naye akaja na yake: kwamba mdalasini huvushwa bahari kubwa kwa vyombo visivyo na usukani, tanga wala kasia, kwamba safari hiyo huchukua karibu miaka mitano, na kwamba wengi hufia njiani.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Warumi waliamini kwamba pembe ya Afrika, Somalia ya leo, ndiyo nchi inayozaa mdalasini. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, Periplus, kinachotaja bandari moja baada ya nyingine hadi Rhapta, soko la mwisho kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kinataja gome hilo miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa kwenye bandari za Wasomali. Lakini mti wenyewe si wa Somalia. Wapo wanahistoria waliodhani kwamba bidhaa ilivushwa Bahari ya Hindi na watu wa visiwa vya Indonesia, wale wale ambao ndugu zao walikuja kuishi Madagaska, na kwamba vyombo vya Pliny vilikuwa mashua zenye matengo pembeni, za jamii ya ngalawa. Wengine wanakataa, na ubishi haujaisha. Linaloonekana wazi ni kwamba mnunuzi wa Roma alimjua mtu wa mwisho tu katika mnyororo. Waliokuwa nyuma yake wote walifichwa, na kuficha huko kulikuwa na faida.

Kisiwa

Wareno walifika Ceylon mwaka 1505, na siri ya kale ikawa imekwisha. Wazungu sasa waliuona mti, wakawaona na watu wanaouchuma. Ungetegemea kwamba bei ingeshuka. Haikushuka, kwa sababu badala ya siri lilikuja jeshi.

Kuchuma mdalasini ni kazi ya mikono kweli kweli. Chipukizi hukatwa, gome la nje linakwanguliwa, kisha gome la ndani linachanjwa kwa kisu na kuvuliwa taratibu lisipasuke. Likikauka linajikunja lenyewe. Vipande vyembamba huingizwa kimoja ndani ya kingine hadi kipatikane kijiti kirefu chenye tabaka nyingi. Ukikiangalia kwa upande wa mwisho, unaona mzunguko ndani ya mzunguko, sawa na skonzi iliyokatwa. Nani angebuni mkate wa mdalasini wa umbo jingine?

Huko Ceylon kazi hiyo iliangukia watu wa tabaka moja, Wasalagama. Tangu enzi za wafalme wa kisiwa walikuwa wakitoa mdalasini kama wajibu, wakipata ardhi kwa utumishi wao. Wareno waliukuta mpango huo wakaukaza. Waholanzi walimaliza kuwafukuza Wareno mwaka 1658, nao wakaukaza zaidi. Wavulana waliandikishwa kwenye daftari wakiwa wadogo, na kiwango cha gome kilipanda kadiri mtu alivyokua. Kuuza mdalasini nje ya kampuni, au kuharibu mti, kulikuwa na adhabu kali, hata ya kifo. Waliochoka walitorokea milimani, kwa mfalme wa Kandy. Mwaka 1760 watu wa pwani waliasi, wavuna mdalasini wakiwemo, na vita kati ya Waholanzi na Kandy vikaendelea hadi 1766. Ni baada ya hapo tu ndipo Waholanzi walipoanza kwa bidii kupanda mdalasini kwenye mashamba karibu na Colombo, badala ya kuwatuma watu msituni.

Niirudie ile peni ya Swift. Mwaka 1711, aliyeionja ladha ya Ceylon pale London alionja pia kazi ya mvulana aliyeandikwa kwenye daftari la Colombo. Kwa hiyo nashindwa kukubaliana na vitabu vya mapishi vinavyoanza historia ya skonzi na mwokaji. Mwokaji alikuja mwishoni.

Waingereza walikichukua kisiwa mwaka 1796, na mwaka 1833 wakafuta ukiritimba wa mdalasini. Kufikia wakati huo mti ulikuwa umeshaota kwingine. Wafaransa walikuwa wameupanda Ushelisheli tangu miaka ya 1770, na gome nene la aina ya China lilikuwa likiingia sokoni kwa bei nafuu. Bei ya Ceylon ikaporomoka, na wakoloni wakahamia kwenye kahawa. Mdalasini haukuwa tena kitu cha kutunza kwenye kabati lenye kufuli.

Donge

Gome la bei rahisi peke yake halifanyi skonzi. Unahitaji unga mweupe, sukari, siagi na hamira ya kuaminika, vyote vikiwa ndani ya uwezo wa nyumba ya kawaida. Haya nayo yalikuja karne ya 19.

Hamira tunaichukulia poa, lakini kwa miaka mingi mwokaji wa Ulaya alitegemea povu la pombe kutoka kwa mpishi wa bia. Siku nyingine lilifanya kazi, siku nyingine mkate ulitoka mchungu. Hamira iliyoshindiliwa ikawa mche, iliyotengenezwa kiwandani, ilienea kutoka Vienna miaka ya 1860, na mwaka 1876 wakazi wa Philadelphia waliiona kwenye maonyesho makubwa ya miaka 100 ya Marekani. Sukari nayo ilipata chanzo kipya. Kwa karne mbili na zaidi ilikuwa imetoka kwenye mashamba ya miwa ya Brazil na Karibea, kwa kazi ya watumwa waliosafirishwa kutoka Afrika. Mwaka 1747 mkemia wa Berlin, Marggraf, alionyesha kwamba ipo pia kwenye kiazisukari. Karne iliyofuata, nchi za baridi zisizoota muwa zilikuwa zinajitengenezea zenyewe.

Wadenmark wana kisa chao. Mwaka 1850 waokaji wa Copenhagen waligoma, na wenye maduka wakaleta waokaji kutoka Austria. Wageni walikuja na namna yao ya kukunja siagi ndani ya donge, tabaka juu ya tabaka. Mgomo uliisha, ufundi ukabaki, na hadi leo Wadenmark wanauita mkate wa Vienna. Konokono wao wa mdalasini amezaliwa humo. Sijawahi kusikia anayewakumbuka waliogoma.

Uswidi, nchi ambayo wengi hudhani ndiyo mama wa skonzi hii, ilichelewa zaidi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ingawa haikupigana, sukari na unga viligawiwa kwa vibali. Vita vilipoisha vitu vikarudi madukani, na miaka ya 1920 skonzi za mdalasini zikaonekana kwenye mikahawa. Kwenye nyumba za watu wa kawaida zilitulia miaka ya 1950. Waswidi hutia iliki kwenye donge, jambo ambalo mpishi wa mahamri ataliunga mkono mara moja, na juu hunyunyizia chembe za sukari nyeupe. Huliwa na kahawa, watu wamekaa, mazungumzo yanakwenda taratibu. Sisi tuna kahawa chungu na kashata barazani, kwa hiyo hapo hatuhitaji maelezo.

Sasa, tarehe 4 Oktoba kila mwaka Waswidi huadhimisha siku ya skonzi ya mdalasini. Ukisikia hivyo unafikiri ni mila ya mababu. Kumbe siku hiyo ilianzishwa mwaka 1999 na baraza la kuhimiza uokaji wa nyumbani, kuadhimisha miaka 40 ya baraza lenyewe. Haina hata miaka 30! Na bado watu wanaipenda kwa dhati.

Aisingi

Marekani ilipata skonzi yake kupitia wahamiaji wa Kijerumani waliokaa Pennsylvania, ambao konokono wao, wenye kunata kwa sukari iliyoyeyuka, bado ni fahari ya Philadelphia. Lakini ile skonzi kubwa, laini, iliyofunikwa aisingi nyeupe inayochuruzika, ambayo leo vijana wa Dar na Nairobi huipiga picha kabla ya kuila, ni ya juzi tu. Tarehe 4 Desemba 1985 duka la kwanza la Cinnabon lilifunguliwa ndani ya jengo la maduka huko Federal Way, jimbo la Washington. Mapishi yalitengenezwa na mwokaji aitwaye Jerilyn Brusseau, mdalasini ukatoka Indonesia, na juu ikapakwa aisingi ya jibini laini, jibini ambayo Wamarekani wamekuwa wakiitengeneza tangu miaka ya 1870 kule New York.

Aisingi ni sukari iliyosagwa hadi ikawa kama poda, ikachanganywa na maziwa kidogo, siagi au jibini. Wapo wanaoiona kama uchafuzi, kwamba inaua ladha ya mdalasini. Mimi naiona kama alama ya wakati. Nyumba za kifalme za Ulaya ziliwahi kuwaonyesha wageni masanamu ya sukari mezani kama wengine wanavyoonyesha dhahabu. Kuimwaga sukari juu ya mkate ambao tayari una sukari ndani, kisha ukauza kwenye jengo la maduka kwa mtu anayepita zake, ni jambo ambalo mfalme wa mwaka 1500 angeliona ni wazimu. Hapo ndipo unapoona bei imeshuka kiasi gani.

Miligramu 15

Mwaka 2013 Denmark ilitikisika kwa ajili ya konokono wake. Gome la aina ya China na Indonesia lina kemikali iitwayo kumarini, ambayo ikizidi inaweza kudhuru ini. Mdalasini wa Ceylon una kidogo mno. Sheria ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imeweka kikomo: miligramu 15 kwa kilo kwa mikate mitamu ya kila siku, miligramu 50 kwa ile ya kimila au ya msimu. Wakaguzi wa Denmark walipima wakakuta konokono wengi wamevuka 15. Waokaji walipiga kelele kwamba mila yao inauawa na makaratasi ya Brussels. Mwaka uliofuata serikali ikaamua kwamba konokono ni chakula cha kimila, na kikomo kikawa 50.

Kesi hii imenipa mawazo sana. Waokaji wangeweza kununua mdalasini wa Ceylon wakaisha na tatizo, lakini ni wa bei ya juu. Walichokuwa wanakitetea, kwa jina la mila, ni gome la bei nafuu lililowafanya waweze kutia vijiko badala ya chembe. Siwalaumu. Skonzi ya mdalasini tangu mwanzo ni mtoto wa kushuka kwa bei. Ila ni vizuri tuite kitu kwa jina lake.

Jikoni

Mti wa aina ya Ceylon unaota pia kwetu: Zanzibar na Pemba, na kwenye miteremko ya Usambara Mashariki. Wakulima huvua gome wakati wa mvua, utomvu ukiwa unatembea, maana kiangazi linang'ang'ania mti. Mara nyingi halikwanguliwi kwa ustadi ule wa Ceylon, kwa hiyo huja sokoni nene na lenye makovu, na mnunuzi hulipangia bei ya chini kwa sababu ya sura. Tangu enzi za ndege wa Herodotus walionufaika na mdalasini wamebadilika mara nyingi: kwanza mwenye siri, kisha mwenye jeshi, kisha mlaji. Anayevua gome bado anasubiri zamu yake.

Kwa hiyo ukitaka kuoka, anza sokoni. Uliza gome limetoka wapi. Muuzaji akikwambia Muheza au Unguja, nunua hilo, saga mwenyewe, na usibishane sana kuhusu bei.

Chukua unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 75, hamira kavu vijiko viwili vya chai, iliki ya kusagwa kijiko kimoja cha chai na chumvi kidogo. Pasha maziwa robo lita yawe vuguvugu, yayeyushie siagi gramu 75, mimina. Kanda dakika 10 hadi donge liwe nyororo, funika, liache liumuke hadi liongezeke maradufu. Kwa joto la pwani saa moja inatosha. Lisukume liwe mstatili, paka siagi laini gramu 100, nyunyiza sukari gramu 100 iliyochanganywa na vijiko viwili vya chakula vya mdalasini. Viringisha, kata vipande 12, viache tena nusu saa. Oka kwenye moto wa nyuzi 180 kwa dakika 20 hadi 25. Asiye na oveni apalie makaa juu ya mfuniko na machache chini, kama anavyofanya kwa mkate wa kumimina, asimamie hapo hapo.

Aisingi isubiri skonzi zipoe kidogo, la sivyo itayeyuka yote ikaishia kwenye sinia. Sukari ya unga gramu 150, maziwa vijiko viwili vya chakula, koroga, mwagia. Na ule siku hiyo hiyo, yasikukute ya Swift.